Anatumika kwa Nani?

Ukiwaambia watu kwamba unaandika hadithi za ujasusi kwa vijana, wageni hukuuliza kwanza habari za vifaa. Shujaa wako ana bastola gani? Ana saa inayopiga picha? Mimi nimeshaandika madaftari manne ya hadithi hizo hapa Nyarugusu, la tano liko mezani, na hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za bastola. Bastola wanazijua. Wanachouliza, tena mapema, sura ya pili haijaisha, ni hiki: "Mwalimu, huyu mutoto anatumika kwa nani?"

Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tukisema mtu "anatumika", maana yake anafanya kazi. Baba anatumika kiwandani, dada anatumika hospitali. Jirani zetu Watanzania wa Kasulu wakilisikia neno hilohilo wanaelewa kingine kabisa: mtu huyo anatumiwa, ameshikwa kama jembe, shamba likiisha anategemezwa ukutani. Nimeshaona watu wawili wakishindwa kuelewana sokoni kwa sababu hiyo, mmoja anajisifu na mwenzake anamwonea huruma. Lakini kwa mtu anayeandika mambo ya majasusi, neno hili ni zawadi. Jasusi anatumika kwa Kikongo chetu na anatumika kwa Kitanzania chao, siku moja, kazi moja, mshahara mmoja. Kwa hiyo kijana anaponiuliza swali lile, hajui ameuliza maswali mawili, na mimi lazima niyajibu yote.

Wakubwa walionitangulia walikuwa na jibu la haraka. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na mwaka 1979, katika *Kikosi cha Kisasi*, akampeleka mpaka Kinshasa. Hicho cha Kinshasa nilikisoma hapa kambini kikiwa hakina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeshafungiwa karanga, mwisho wake nikasimuliwa na fundi baiskeli aliyewahi kukisoma kikiwa kizima. Alisimulia vizuri sana, huenda kuliko kitabu. Willy Gamba ukimuuliza anatumika kwa nani hana haja ya kukuna kichwa: anaitumikia Tanzania, na adui ni makaburu na vibaraka wao. Msomaji wa miaka ile alijua kila mtu amesimama upande gani kabla hajafungua ukurasa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye, na Mtobwa ni mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Kigoma tunaokaa, ana vituko vyake, lakini ni vitabu vya watu wazima. Kuna pombe, kuna wanawake wanaoingia bila kubisha hodi, kuna maiti kila baada ya kurasa kumi. Daftari langu linasomwa bombani, na binti wa miaka kumi na mbili anayemsomea mdogo wake wa miaka saba huku ndoo zao zikishika foleni. Siwezi kumwekea maiti pale.

Basi nikatafuta vya watoto. *Kim* ya Rudyard Kipling, ya mwaka 1901, niliisoma kwa Kifaransa, na sitakataa, niliipenda. Yatima anayezurura Lahore, anaongea lugha za watu wote, anavaa nguo za yeyote, hakuna anayejua ni wa wapi. Nani hapa hatamwelewa mtoto huyo? Kuna mahali anafundishwa kutazama vito kwenye sinia, vinafunikwa, kisha aseme vilikuwa vingapi na vya namna gani. Mchezo huo ulikuja kuchukuliwa na maskauti dunia nzima, na mimi nimeuchukua pia, nitaeleza. Halafu kuna Alex Rider wa Anthony Horowitz, aliyeanza mwaka 2000 katika *Stormbreaker*. Ana miaka kumi na minne, mjomba wake ameuawa, na shirika la ujasusi la Uingereza linamlazimisha kufanya kazi kwa kumtishia kwamba asipokubali atapelekwa kwenye makazi ya watoto na dada anayemlea atarudishwa Marekani. Kitabu kinakwenda mbio, huwezi kukiweka chini. Lakini tazama vizuri. Kim anatumika kwa wakubwa wa kikoloni. Alex anatumika kwa wazee wa ofisini waliomtishia. Kwa pande zote mbili za neno.

Kijana wa London anasoma hayo na kuota. Sisi kule kwetu tuna neno kadogo. Wale waliokuwa watoto katika vita vya 1996 na 1997, waliobeba bunduki ndefu kuliko wao, waliitwa hivyo, na leo ni watu wazima, wengine ni wazazi wa wanafunzi wangu. Na si bunduki tu. Mwaka 2007 mataifa yalikutana Paris wakaandika kanuni juu ya watoto wanaotumiwa na majeshi na vikundi vya silaha, na katika maelezo ya nani anahesabiwa wametaja wapiganaji, wapishi, wapagazi, wajumbe, na majasusi. Majasusi, neno lenyewe. Kitu ambacho katika vitabu vya Ulaya ni mwanzo wa safari nzuri, katika karatasi ile ni moja ya mambo mtoto anayotakiwa kuokolewa nayo. Mimi niko katikati ya karatasi hizo mbili na kalamu ya Bic.

Tena kuna neno lenyewe. Kiswahili kinatupa mengi: jasusi, mpelelezi, kachero, na Watanzania wana shushushu, ambalo nalipenda kwa sababu linasikika kama mtu anayenong'ona. Kule kwetu kwenye vizuizi vya barabarani hawakutumia hata moja kati ya hayo. Walisema *espion*, kwa Kifaransa, hata mtu asiyejua neno jingine la Kifaransa alilijua hilo, na lilitosha. Baba yangu mdogo alikuwa mnunuzi wa ndagala. Alitembea na daftari dogo la madeni: jina, idadi ya mabeseni, jina, idadi ya mabeseni. Wakati wa vita vya pili alisimamishwa njiani na watu wenye silaha, wakafungua daftari, wakaona majina na namba. Kwa mtu mwenye hofu, majina na namba ni orodha, na orodha ni kazi ya *espion*. Hatukupata mwili. Daftari lililetwa na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ile. Shangazi analo mpaka leo, na wale wanaodaiwa ndagala wengi wao wamo humu humu kambini, zoni tofauti tofauti, na hakuna anayewadai.

Nimeyaandika haya ili mjue kwamba jirani yangu alipokuja mlangoni hakuniambia jambo geni.

Ni mama mtu mzima, anaheshimika kwenye mtaa wetu, mtoto wake wa kiume alikuwa msomaji wangu mkubwa. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, ile neno yenye unaandika kwa madaftari ya batoto, njo yenye iliua bwana yangu." Nikamkaribisha, nikamwekea kiti, akakikalia kwa upande. Akasema mwanawe ameanza kuhesabu watu wanaopita njiani na kukumbuka nguo zao, na kwamba mtoto anayehesabu watu siku moja atahesabiwa yeye. Nikamuuliza kama naweza kumsomea. Akasema soma, lakini soma ile yenye mutoto anasoma, usinisomee nyingine.

Nikamsomea sura ya nne ya daftari la kwanza. Niwaelezeni hadithi kidogo. Shujaa ni msichana wa miaka kumi na tatu, anauza ndagala kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanganyika ambao sikuutaja jina, kila mtu auweke kwao. Usiku kuna majambazi wa ziwani wanaopora mashine za boti. Mnajua wavuvi wa ndagala hutoka usiku wa giza na taa zao, kwa maana samaki wanafuata mwanga; mwezi ukiwa mkubwa hawatoki. Kwa hiyo kila mtu anajua ni usiku gani boti ziko majini. Lakini majambazi wanajua zaidi ya hapo. Wanajua ni boti gani ina mashine mpya. Kuna mtu pwani anayewaambia. Msichana anataka kumjua kabla mwezi haujapungua tena, maana boti ya bibi yake ndiyo inayofuata kupata mashine mpya, kwa mkopo. Waandishi wengine wanaweka bomu lenye saa. Mimi saa yangu ni mwezi, na haihitaji betri.

Yule mama alisikiliza mpaka mahali msichana anapomfuata mgeni mmoja sokoni huku akimtazama usoni kwa siri kupitia tundu la kapu. Hapo akanikatisha. "Hapana. Usoni utaona nini? Mutu anaweza vua manguo ya basoda, avae ya raiya. Lakini biatu? Hana bingine. Uangalie miguu."

Akaendelea, na mimi nikachukua kalamu. Kwamba mtoto aliyefundishwa na njaa anatazama mkono, kwa sababu mkono ndio unaokuja kupiga au kutoa. Kwamba mtu anayejifanya hajui lugha yenu, mtukane mamba badala ya kumtukana yeye: mtoto akisema kitu cha kuchekesha kwa Kibembe karibu naye, kicheko kitamtoka tumboni kabla hajakizuia. Kwamba walipokuwa wanakimbia aliwapa wanawe majina mapya ya siku moja, na yule mdogo, huyuhuyu msomaji wangu, ndiye alikuwa hodari kuliko wote, aliulizwa jina mara tatu na akalitaja lile la uongo mara tatu bila kumtazama mama yake.

Kila mtoto hapa amewahi kuwa na jina la siku moja, au mama yake amewahi kuwa nalo. Shule za majasusi zinafundisha jambo hilo kwa miezi na kuliita kwa majina makubwa. Sisi tulifundishwa nyuma ya kichaka, dakika tano.

Neno halikuondoka kwenye madaftari. Nilimweleza msimamo wangu, ambao niliuweka tangu daftari la kwanza: mwanawe ataliona neno hili hata mimi nikilificha, afadhali aliyaone mahali ambapo kuna mtu anauliza ushahidi uko wapi. Katika hadithi zangu kuna sheria moja, bibi wa shujaa ndiye aliyeiweka: hakuna mtu kuitwa jasusi mpaka ushahidi wa tatu. Wa kwanza unaweza kuwa wivu, wa pili unaweza kuwa bahati mbaya. Nusu ya kila daftari ni ushahidi wa pili unaoanguka. Mnunuzi mwenye daftari la majina na namba anatiliwa shaka katika sura ya sita, kundi linakusanyika, mawe yameshaokotwa, na msichana anasimama kusoma lile daftari kwa sauti, jina na mabeseni, jina na mabeseni, na mmoja mmoja kwenye kundi anasikia deni lake mwenyewe. Sura hiyo niliiandika mara moja tu, bila kufuta.

Yule mama aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Wiki iliyofuata mwanawe alikuja kuchukua daftari la pili, nikajua ni nani aliyemtuma kwa sababu alikuja na uji.

Mwanzo wa haya yote, ikiwa mnataka kujua, ni wazee wetu wa Fizi. Wanaume wa umri wa babu yangu walikuwa wakihesabu moja, mbili, tatu, halafu wanacheka. Tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Kibamba na Wakuba wachache, kusaidia waasi dhidi ya serikali ya Léopoldville. Jina lake lilikuwa siri kubwa. Walipeana majina kwa namba za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na yeye mwenyewe, mtu aliyekuwa akitafutwa na dunia nzima, akawa Tatu. Wengi wa Wakuba wale walichaguliwa weusi ili wasionekane, kisha mkubwa wao akawa ni mweupe, daktari, anayeulizwa dawa na kila mgonjwa wa mlimani. Miezi saba tu, Novemba wakarudi walikotoka, wameshindwa. Angani walikuwa wakipigwa na marubani Wakuba pia, wale waliomkimbia Castro, wanaolipwa na CIA. Fikiri hilo: Wakuba kwa Wakuba, juu ya mashamba ya mihogo ya Wabembe, na hakuna aliyemuuliza mwenye mihogo.

Ndiyo sababu shujaa wangu anaitwa Nane. Watoto wakiniuliza kwa nini, nawaambia moja mpaka saba zilishachukuliwa na watu wazima. Bibi yake alikuwa msichana mdogo mwaka ule wa 1965, na anakumbuka kwamba wageni wale walijua kuficha majina yao lakini hawakujua kuficha namna ya kula ugali. Si historia, hiyo nimeitunga. Lakini mzee mmoja wa zoni yetu aliposomewa alicheka mpaka akakohoa, akasema ni kweli tupu.

Na Nane anatumika kwa nani? Kwa bibi, na kwa wale wenye boti. Hana mkubwa mwenye sare. Hana karatasi ya kusaini. Anaandika ujumbe wake kwa ndagala: zikianikwa mchangani zinapangwa mistari, na mstari ukiwa na pengo mahali fulani, boti isitoke usiku. Majambazi wanapita juu ya barua yenyewe na hawaioni, wanaona harufu tu. Hakuna kitu kinachoandikwa kwenye karatasi katika madaftari yote manne. Mnajua kwa nini.

Ule mchezo wa Kim tunaucheza chini ya mwembe Jumamosi, kwa vitu vyetu: kijiko, mbegu ya embe, kifuniko cha soda, sindano, betri iliyokufa. Nafunika kwa kitenge. Watoto wa hapa wananishinda kila wiki, na nimegundua wasichana wanashinda kwa sababu wanakumbuka kitu kiliwekwa jirani na nini, wavulana wanahesabu. Jambo moja nililiondoa kwenye mchezo. Hatukumbuki watu. Hatusemi "nani alikuwa amekaa wapi". Vitu tu. Nilikubaliana hivyo na wazazi wote, na yule mama ndiye anayesimamia, anakaa kando na ufumaji wake na hasemi kitu, akisikia jina la mtu anakohoa.

Msaliti wa daftari la kwanza alikuwa fundi wa mashine. Watoto walimpenda, alikuwa akiwapa Nane na wenzake vipande vya waya kuchezea, kwa hiyo ushahidi wa tatu ulipofika walinikasirikia mimi badala yake. Binti mmoja alinirudishia daftari bila salamu. Fundi naye alikuwa anatumika, kwa upande wa Kitanzania: alikuwa na deni, na wenye deni walijua anapolala mtoto wake. Willy Gamba angemmaliza kwa risasi moja na kuwasha sigara. Mimi madaftari yangu hayana msaliti anayeuawa, si kwa sababu ni ya watoto, maana hadithi za watoto zimejaa mazimwi yaliyochinjwa. Ni kwa sababu wasomaji wangu wanajua kuua ni rahisi kiasi gani, na hawajui mtu anafanywaje baada ya kujulikana. Fundi alibaki pwani. Alilipa mashine moja moja, kwa kazi. Wengine hawakumsalimia tena na hadithi haikuwalazimisha. Sura hiyo ndiyo iliyorudi ikiwa imechafuka kuliko zote, vidole vya mafuta kila pembe, hivyo najua ilisomwa.

Hata lugha ya sheria ya bibi imetoka nje ya daftari. Juzi kwenye uwanja vijana waligombana, mmoja anadai mwenzake ameiba soksi zake za mpira, na kutoka pembeni mtu akapiga kelele, "Ushahidi wa tatu uko wapi?" Soksi hazijapatikana mpaka sasa.

Shida yangu kwa sasa ni daftari la tano. Nane ameshakuwa na miaka kumi na sita. Kazi yake ya ziwani imesikika, na ofisa mmoja, si mtu mbaya, nimejitahidi asiwe mtu mbaya, anamwita chini ya mti na kumwambia nchi inahitaji macho kama yake. Mezani kuna fomu. Sura ya kumi inaishia hapo. Huwa naacha kurasa mbili tupu kila mwisho wa sura ili wasomaji waandike wanavyotaka, kisha daftari likirudi nasoma kabla sijaendelea.

Limerudi Jumatatu. Walioandika kwamba akatae ni wachache kuliko nilivyotegemea. Mmoja ameuliza mshahara ni shilingi ngapi na kama unalipwa kila mwezi. Msimlaumu, ni kijana aliyemaliza shule, na hapa kazi ya kuajiriwa ni ya kutafuta kwa tochi. Mwingine ameuliza kama fomu hiyo inampa kibali cha kutoka kambini, ingawa Nane hakai kambini, hajawahi kukaa, sikuandika hivyo mahali popote. Binti yule aliyenirudishia daftari la kwanza bila salamu amejaza ukurasa mzima, anataka Nane aulize kwanza fomu itakaa kabati la nani ofisa huyu akihamishwa. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa yule kijana wa jirani, kwa penseli: "Akubali. Lakini asaini na jina la siku moja."

Niko sura ya kumi na moja. Ofisa ameshatoa kalamu.